Maji yapi, madam?

Leo Jumamosi nimefua, nimechambua maharage, nimepika, na bado lile neno halijanitoka. Maji yapi madam.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, mkuu wa shule kahamishiwa Kakonko, mdogo wake Baba Neema kaoa, nikacheza mpaka goti likanikumbusha umri, ila vyote hivyo vimepita tu. Nilichobaki nacho ni Jumanne, kipindi cha nne, darasa la sita.

Si mnajua nilivyobebeshwa kazi ya malezi shuleni baada ya mwenzangu kwenda likizo ya uzazi. Basi nikajiandaa kweli, hadi kitambaa cha hedhi nimekishona mwenyewe na kitenge changu, nikawaonyesha, unabadilisha kila baada ya masaa manne mpaka sita, unafua kwa maji safi na sabuni, unaanika juani, sio unaficha chini ya godoro kibaki na unyevu halafu uanze kuwashwa. Wavulana nao nimegoma kuwatoa nje, kesho hao ndo baba wa kutoa hela ya pedi, na pedi zenyewe kodi ya VAT serikali iliitoa 2018, 2019 ikairudisha, dukani kwetu bei hata haikutikisika. Naongea hivyo nimechangamka, ndo kabinti kamoja ka nyuma, kale kanakovaa sweta hata jua likiwaka, bila kunyoosha kidole:

"Maji yapi madam?"

Darasa kimya. Nikasema, "Kaa chini, acha ujuaji."

"Nimekaa madam."

Na kweli alikuwa amekaa.

Bomba la shule ni pambo tangu pampu ife, watoto wanapandisha madumu kutoka bondeni na saa nne asubuhi yameshaisha, choo cha wasichana mlango ni gunia. Yote nayajua! Mimi nimekulia Ujiji, ziwa liko pale, kwa hiyo maji safi kwangu ni maneno ya kutamka tu. Nimemjibu upya kichwani sijui mara ngapi, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye bodaboda narudi kutoka Kasulu mjini. Baba Neema anasema achana naye, huyo ana mdomo. Hana mdomo. Alikuwa anauliza.

Alhamisi jioni nasikia hodi, wako watatu, kila mmoja na kidumu cha lita tano kichwani, sweta yuko mbele.

"Maji ndo haya madam. Sindano unayo?"

Nilicheka mpaka Neema akatoka ndani kuangalia kuna nini. Tukakata kitenge chote, tumeshona mpaka giza, mmoja kashona vitambaa viwili vikawa kimoja, mwingine anaogopa vikianikwa kaka zake wataviona, sweta akamwambia kwani wao hawaaniki bukta zao? Samahani sijamuomba bado. Nilitaka, uzi ukaisha.

Ila mama kule Ujiji hapokei simu tangu jana jioni. Wifi anasema labda chaji, lakini mama na simu yake mnawajua.