Daftari la Wasikilizaji: Miezi Kumi na Cowboy Carter

Nyumbani kwetu Nakuru, Jumapili ilikuwa na sauti yake. Mama akitoka kanisani hufungua redio kabla hata ya kuvua viatu, na hapo ndipo Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton walipotulea sisi watoto wanne. Niliweza kuimba kibwagizo cha Jolene, wimbo wa Dolly, kabla sijapata Kiingereza cha kunielewesha kwamba mwanamke yule anaomba asinyang'anywe mume. Wageni hushangaa Wakenya kupenda kantri namna hii. Kwetu hakuna la kushangaza. Ni muziki wa shamba, wa mzazi mgonjwa, wa safari ndefu na wa Mungu, na gita lake halimfuniki mwimbaji.

Kwa hiyo Februari 2024, Beyoncé alipotoa nyimbo mbili za kantri kwa mpigo na kutangaza kwamba albamu inafuata, nilisikia ubishi kila upande: huyu ana haki, huyu hana haki. Sikusikia mtu akiwauliza watu kama mama. Nikanunua daftari la kurasa 96 nikaanza mradi huu. Nitawachezea albamu watu waliopenda kantri maisha yao yote, niandike wanachosema kwa maneno yao wenyewe. Maswali ni matatu. Umesikia nini? Ungerudia wimbo gani? Hii ni kantri?

29 Machi 2024, Ijumaa Kuu

Imetoka leo, Cowboy Carter. Nyimbo na vipande 27, dakika 78. Nimeisikiliza usiku peke yangu, wengine wamelala.

Ninaandika kwanza historia fupi kwa ajili ya wasikilizaji wangu, maana wataniuliza. Mwaka 2016 Beyoncé alipanda jukwaani Nashville katika CMA, tuzo kubwa za kantri, pamoja na kundi la kantri la Chicks, akaimba wimbo wake wa kantri. Wapenzi wengi wa kantri walimkataa waziwazi. Yeye mwenyewe ameandika kwamba albamu hii imechukua zaidi ya miaka mitano, na kwamba ilizaliwa na siku ambayo alihisi hakukaribishwa. Hakuitaja siku hiyo, lakini kila mtu ameielewa. Ameongeza pia kwamba hii si albamu ya kantri, ni albamu ya Beyoncé. Sentensi hiyo sitawasomea wasikilizaji wangu mpaka wamalize kusikiliza. Nataka masikio yao yafike kabla ya maelezo.

Mimi mwenyewe nimevutwa zaidi na sauti za kanisani zilizopangwa juu ya magita mwanzoni mwa albamu, na wimbo wa Blackbird alioimba na wasichana wanne weusi wanaotafuta riziki kwenye kantri: Tanner Adell, Brittney Spencer, Tiera Kennedy na Reyna Roberts. Niliurudia mara tatu.

6 Aprili, Jumamosi

Kikao cha kwanza: mama, mjomba, na jirani yetu mzee mstaafu wa reli. Nilichagua nyimbo sita nikazicheza kwenye simu, moja baada ya nyingine, nikizikata zikirefuka.

Kikao kilikwenda vibaya. Mjomba hupiga gita la mugithi, muziki wa kucheza wa Wakikuyu, kwenye harusi na baa miaka zaidi ya ishirini, kofia pana kichwani, na kantri anaijua kwa vidole. Alikaa mikono kifuani. Alisema wimbo wa kantri ni mtu mmoja anayekueleza jambo moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiinuka hapo unaweza kumsimulia mwenzako. "Huyu ananirusha kutoka chumba hadi chumba. Sijaketi, ameshanitoa." Alichokubali ni kimoja: gita la chuma katika 16 Carriages, lile linalopigwa likiwa limelazwa, sauti yake ikivutwa kama mtu anayejizuia kulia. Nilimwambia anayelipiga ni Robert Randolph, aliyejifunza kanisani. Akasema inasikika.

Mama alitaka wimbo huohuo urudiwe. Unazungumzia msichana aliyeacha utoto wake akiwa na miaka 15 akaenda kutafuta. Mama aliacha shule akaenda kuchuma pareto Molo, akiwa mdogo kuliko hapo. Hakueleza zaidi. Alisema tu, "Huyu anajua kazi."

Mzee alisema muziki ni mzuri lakini hajausikia, kwa sababu nimeukatakata. Nimeliandika neno lake hapa kwa wino mwekundu.

20 Aprili, Jumamosi

Shangazi amekuja kutoka Mombasa, alikoolewa miaka thelathini iliyopita. Nimemchezea Jolene mbili, ya Dolly ya mwaka 1973 kisha hii mpya. Mama alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

Kwa mama, hii mpya ilikuwa imeharibiwa. Jolene anayoijua yeye ni ya mwanamke anayekwenda kwa mwenzake bila silaha yoyote, anamsifu uzuri wake, anamwambia ukitaka utaweza kumchukua, nakuomba usimchukue. Beyoncé haombi. Anaonya. Anasema mume huyu nimemlea, nyumba hii nimeijenga, ondoka. "Sasa uchungu uko wapi?" mama aliuliza.

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno, lakini aliposema alisema kwa uzito. Hayo ni mipasho, alisema. Huko kwao mwanamke akisikia kuna anayemnyemelea mumewe, haendi kumpigia magoti. Atanunua leso yenye jina linalofaa, aivae apite mbele ya mlango wa mhusika, au ataenda harusini, wimbo wake ukipigwa anyanyuke akatuze huku anamtazama. "Wa kwanza ni wa mtu ambaye hana kitu ila ulimi wa kuomba. Huu ni wa mtu aliyevaa leso yake. Wote wawili wanaogopa. Ni namna tu ya kuogopa."

Nimekaa na maneno hayo usiku huu. Tangu Machi nimesikia watu wengi wakilinganisha nyimbo hizi mbili, wakizungumza kana kwamba mmoja ni dhaifu na mwingine ana nguvu. Shangazi, ambaye kantri kwake ni muziki wa bara, ndiye aliyesikia kwamba hofu ni ileile. Na tazama kwamba Dolly mwenyewe anazungumza katika albamu hii kabla tu ya wimbo kuanza, kama mama mkwe anayemfungulia mlango bibi harusi. Kinanda cha mdomo kinachosikika humo ni cha Stevie Wonder.

Mama hakubadilisha msimamo. Alisema kuomba nako kunahitaji moyo, tena mkubwa zaidi. Nimeandika maneno ya wote wawili ukurasa mmoja, yakitazamana.

5 Mei, Jumapili

Mvua haijakatika. Shule zilikuwa zifunguliwe wiki iliyopita, zimeahirishwa kwa sababu ya mafuriko, na mimi kama mwalimu niko nyumbani. Nimepata muda wa kurekebisha kosa la Aprili.

Kosa lilikuwa hili: albamu yenyewe imetengenezwa kama kipindi cha redio. Willie Nelson ndiye mtangazaji. Anaingia kati ya nyimbo, anazungumza taratibu, unasikia stesheni zikibadilishwa na sauti za zamani zikipita. Mimi nilikuwa nimevikata vipande hivyo nikidhani ni vya kujaza nafasi. Watu niliokuwa nawauliza walijifunza kantri kwa redio, Jumapili, bila mkono wa mtu kuurusha wimbo mbele. Nilikuwa nimewanyima kitu ambacho wangekitambua mara moja.

Basi leo nimeweka spika ya betri juu ya kabati, mahali ilipokuwa redio ya zamani. Chai, mandazi, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Walikuwa watano: mama, mjomba na mkewe, mzee wa reli, na mama mmoja wa chama cha mama aliyekuja kuazima mwavuli akabaki. Nimeanza mwanzo nikaacha mpaka mwisho. Stima zilipotea katikati, hakuna aliyeinuka.

Willie Nelson alipoongea, mjomba aliinua kichwa. "Huyo namjua." Mikono ikatoka kifuani.

Katika wimbo wa Protector, mtoto anaanza kwa kuomba aimbiwe bembelezi, naye ni binti wa Beyoncé mwenyewe. Yule mama wa chama alianza kupapasa goti lake polepole kama anayebembeleza mtoto mgongoni. Sidhani alijua anafanya hivyo. Alipoulizwa ungerudia upi, alijibu huo, na jina la mwimbaji hakuuliza.

Mzee wa reli alipenda banjo ya Texas Hold 'Em, akasema hicho ndicho chombo cha Wazungu halisi. Nikamweleza. Anayelipiga banjo pale ni Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi wa North Carolina ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwakumbusha Wamarekani kwamba banjo ilitoka kwa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Ndugu za banjo wako bado Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Mzee alinyamaza. Kisha akaniuliza kama namjua Chemirocha.

Yeye ni Mkipsigis wa Kericho. Akasimulia wimbo wa wasichana wa kwao uliokuwa ukiimbwa kwa kinubi, wa kumsifu kiumbe nusu mtu nusu swala aitwaye Chemirocha. Wimbo huo upo kwenye santuri: Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, aliurekodi mwaka 1950 karibu na Kapkatet. Na jina Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Mississippi anayeitwa baba wa kantri, ambaye santuri zake zilifika huko na gramafoni. Wasichana walisikia sauti na gita bila kumwona mwenye sauti, wakamtungia umbo na wimbo.

Mzee akasema: "Basi hicho chombo kilitoka kwetu, kikaenda kwao, Jimmie akakirudisha, sisi tukamwimba. Wewe unaniuliza hii ni kantri? Muulize aliyeanzisha."

Kwenye swali la tatu nimemwandikia jibu hilo kama lilivyo. Mkewe mjomba: ndiyo. Mama wa chama: ndiyo, "ila zile za kelele hapana." Mama: nyingine ndiyo. Mjomba: bado hapana, lakini amesema hii ni redio nzuri, na kwake neno hilo si dogo.

22 Juni

Vijana watatu, binamu zangu. Hawakuwa na ubishi wowote. Wanapenda zile zenye mdundo, na walizopenda mno ni zile mbili alizoshiriki Shaboozey. Swali la kama ni kantri waliliona halina kazi. Nimejaza nusu ukurasa tu, na sijui kama nitaendelea na kundi hili. Mradi wangu ni wa waliokuwa na kitu cha kulinda.

10 Septemba

Orodha ya wanaowania tuzo za CMA ilitoka jana. Cowboy Carter haimo hata mara moja, ingawa Texas Hold 'Em ilimfanya Beyoncé mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi ya kwanza kwenye chati ya nyimbo za kantri ya Billboard. Nilimpigia mjomba nikitarajia atafurahi. Hakufurahi. "Mimi kusema si kantri ni mimi na sikio langu. Wao kutoitaja hata kidogo, hiyo ni kitu kingine." Ameomba niandike tofauti hiyo, nami nimeiandika.

3 Februari 2025

Usiku wa kuamkia leo, kwa saa zetu, amepewa Grammy ya albamu bora ya mwaka na ya albamu bora ya kantri. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuipata hiyo ya pili kabla yake. Mama aliniambia nimtafutie sehemu anayozungumza yule bibi mwenye sauti ya kuchekacheka, anayesema juu ya aina za muziki. Amekuwa akimfikiria tangu Mei.

Ni Linda Martell. Nilimsimulia mama mpaka chai ikapoa. Mwaka 1969 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, jukwaa maarufu la kantri huko Nashville. Mwaka 1970 alitoa albamu, Color Me Country. Kampuni iliyomrekodi iliitwa Plantation, yaani shamba kubwa kama yale walimofanyishwa kazi watumwa, na yeye alilalamikia jina hilo. Alitukanwa na watazamaji akiwa jukwaani. Albamu ikawa hiyohiyo moja. Alirudi kwao South Carolina, na miaka ya baadaye akaendesha basi la shule.

"Alikuwa mzuri?" mama aliuliza.

9 Februari, Jumapili

Tumeisikiliza Color Me Country yote, spika juu ya kabati. Sauti yake inapanda bila kujikaza, na pale inapovunjika kama wanavyofanya waimbaji wa milimani, mama aliacha kukunja nguo. Hakujibu swali la tatu. Amesema nisimuulize mtu swali hilo tena, niweke lingine mahali pake: huyu ulishawahi kumsikia?

Nimeanza na mjomba jioni hii kwa simu. Alitaka jina lirudiwe mara mbili. Miaka zaidi ya ishirini ya kupiga kantri, na hajawahi kumsikia. Ameomba nimtumie usiku huuhuu.