Kitabu kinatoka lini?

Jumapili usiku

Wiki nzima maneno matatu yamenikaa kooni kama mwiba wa changu. Siyo tusi, siyo kejeli, hata sauti haikupanda. Baba aliniuliza kwa upole wake ule mnaoujua: kitabu kinatoka lini?

Niyaandike yalivyokuwa, labda yatanitoka.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi hapa Denver, saa kumi na moja jioni Tanga. Baba amekaa barazani, kofia kichwani, redio inaongea nyuma yake. Nikamwonyesha picha ya yule dada wa Bukavu anayenisuka nywele kule Aurora, mji jirani na Denver, ile niliyokuwa naitajataja humu tangu Novemba bila kuionyesha. Miezi mitano ya rangi ya mafuta, usiku kwa usiku, baada ya kumaliza kuchora majalada ya vitabu vya watu. Nje ya nyumba hii hakuna aliyekuwa ameiona. Nilitaka yeye awe wa kwanza. Akaisogeza simu karibu na uso, akainamisha kichwa kidogo, akanyamaza. Nilisikia muadhini anajaribu kipaza sauti huko kwao. Kisha:

"Mashallah. Jalada zuri, mama. Kitabu kinatoka lini?"

"Siyo jalada, baba. Ni picha tu."

"Haya, mama. Picha."

Akauliza kama theluji imekwisha. Nikamwambia imekwisha, wakati nje ilikuwa inadondoka.

Basi, hayo tu. Lakini Jumanne nikiwa barabarani nimemjibu tena kichwani mwangu, mara hii vizuri. Nikamwambia, baba, hii ndiyo kazi yenyewe, yale majalada yalikuwa njia tu. Jumanne usiku nikalifuta jibu hilo kwa sababu lina kiburi, na kwa sababu majalada hayo ndiyo yaliyolipa paa la nyumba anayokaa. Jumatano nikahamia kwenye lile "haya" lake. Ipo haya ya kukubali, ipo haya ya kufunga mazungumzo, na ipo haya ya mtu aliyeona kwamba amekugusa penye kidonda asijue ni wapi. Ya baba ilikuwa ipi? Na kilichonichoma zaidi si neno lake, ni langu. "Picha tu." Nani aliniambia niiweke ile "tu"? Miezi mitano, halafu naipunguza mwenyewe kabla hajapunguza mtu.

Katikati ya hayo mume wangu ameapa uraia, tumekula biriani na majirani, mwanangu amepeperusha kibendera mpaka kijiti kikavunjika, na Ijumaa imekuja barua kwamba picha imekubaliwa kwenye maonyesho ya pamoja ya mwezi wa tano. Nimeshukuru, na nimepiga magoti. Lakini nikirudi jikoni kuosha vyombo, namkuta baba pale pale: kitabu kinatoka lini?

Swali hilo lingetoka kwa mtu mwingine ningelipuuza. Baba alisimama kwenye mashine ya kuchapia miaka 31. Mimi nimekulia chini ya meza ya kukatia karatasi, nachora kwenye vile vipande virefu vilivyokuwa vinaanguka pembeni, vyembamba kama mkanda, ndiyo maana watu wangu wote wa utotoni walikuwa warefu. Harufu ya wino ikinipata popote duniani naona mikono yake. Na alikuwa na neno lake moja akiletewa jalada lililojaa michoro mpaka kwenye kona: "Jina la kitabu halina pa kupumulia." Alikuwa analirudisha. Hata la mkubwa alikuwa analirudisha.

Mnajua pia kwamba nikishikwa na jambo la namna hii namrudia James Bama, mchoraji wa majalada wa Marekani. Wa zamani mmemsoma sana humu, tangu nilipookota kitabu cha kwanza cha Doc Savage, yule shujaa wa hadithi za vituko, kwenye boksi la vitabu vya dola moja. Sasa ninavyo 11, vimekaa juu ya dirisha. Usiku wa Jumatano nilikiteremsha kile kilichochakaa kuliko vyote. Uti wake umepasuka mara tatu, karatasi zina rangi ya chai ya maziwa, lakini lile shati! Shati limechanika vipandevipande, na kila kipande kina mkunjo wake, na kila mkunjo una kivuli chake, na kivuli hicho hakidanganyi kuhusu taa ilipowekwa. Hadithi zenyewe ni za majarida ya miaka ya 1930 na 1940. Kampuni ya Bantam ilipoanza kuzitoa upya mwaka 1964 kwa jalada laini, alipewa Bama azivalishe. Alichora majalada 62. Aliyekuwa anakaa mbele yake achorwe alikuwa mwigizaji aitwaye Steve Holland. Mwili ni wa Holland, mshipa wa shingo ni wa Holland, lakini kwa wasomaji wale ni Doc Savage. Jina la Holland halikuwa na nafasi pale.

Na huyo Bama hakuwa mtu wa kubahatisha. Mtoto wa New York, mtaa wa Washington Heights, kazaliwa 1926. Akiwa na miaka 15 alishauza mchoro gazetini. Akaenda jeshi la anga wakati wa vita, akarudi, akasoma shule ya sanaa ya Art Students League chini ya Frank Reilly, mwalimu aliyewafundisha kugawa mwanga na kivuli kwa vipimo kama fundi seremala anavyogawa ubao. Kisha miaka mingi studio ya Charles E. Cooper. Matangazo, magazeti, majalada, hata maboksi ya vikaragosi vya mazimwi vya kuunganisha ambavyo watoto wa Marekani walikuwa wanavigombea. Kazi ya tarehe. Sisi wa majalada tunaijua kazi ya tarehe: hakuna "sijaridhika", kuna Ijumaa.

Mwaka 1966 mchoraji mwenzake, Bob Meyers, akamwalika yeye na mkewe Lynne kwenye ranchi yake karibu na Cody, jimbo la Wyoming. Mwaka 1968 wakahama kabisa. Aliendelea kwanza na kazi za New York, kisha mwaka 1971 akaziacha, akabaki na picha za kutundika ukutani. Aliishi kwenye bonde la Wapiti, magharibi ya Cody, njia ya kwenda hifadhi ya Yellowstone, mpaka alipofariki Aprili 2022, zimebaki siku 4 tu atimize miaka 96.

Nilipoandika safari yetu ya Cody Agosti iliyopita nilisema alitoroka. Niliandika hivyo hivyo, "alitoroka majalada". Nilikuwa nimesimama kando ya mto Shoshone, upepo unanipiga na vumbi, nimechoka na zaidi ya kilomita 700 za barabara, nikamwona kichwani mwangu mtu anakata kamba. Niliipenda habari hiyo kwa sababu ni habari niliyojitakia. Nadhani ndiyo maana baba aliniumiza. Nilikuwa nimeshavuka, na yeye kwa swali moja akanirudisha ng'ambo.

Alhamisi usiku ndipo mambo yakageuka.

Mtoto amelala, nimekwenda gereji kuiangalia picha kwa hasira, nataka kuona ni kitu gani hasa baba alikiona. Nikachukua futi ya utepe. Kanvasi hii sikuinunua tayari, fremu nilijipigilia mwenyewe, kwa hiyo kipimo nilikichagua mimi: sentimita 60 kwa 100. Nikakiweka kile kitabu kilichochakaa mezani, nikakipima nacho. Upana kama sentimita 11, urefu 18. Pigeni hesabu. Ni umbo lile lile, limekuzwa.

Mikono ikaanza kunitetemeka kidogo. Nikainua macho juu ya picha. Yule dada amekaa chini, upande wa kulia, kwenye kile kiti cha plastiki nje ya saluni, kitana kimebanwa kati ya vidole viwili, ukucha wa kidole gumba una ile alama nyeusi ya mafuta isiyotoka. Uso nimeuhangaikia wiki saba. Na juu yake? Anga. Theluthi nzima ya kanvasi ni anga la jioni, laini, bila wingu, bila waya, bila ndege. Nilijiambia ni utulivu. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa kalamu nene maneno yoyote yaliyonijia, kwa herufi kubwa, nikaibandika kwa tepu pale angani, nikarudi nyuma hatua tano.

Ikakaa. Ikakaa kama iliyokuwa inasubiriwa. Na chini ya miguu ya dada palikuwa na kipande cha sakafu kitupu, kinatosha jina la mwandishi.

Miaka 14 nimekuwa nikiwaachia watu nafasi ya kuandika majina yao juu ya kazi yangu, na mkono umejifunza kiasi kwamba hata pasipo mwandishi, hata pasipo mteja, umeacha nafasi. Baba aliliona hilo kupitia kioo cha simu, Tanga, kwa nusu dakika. Hakuwa ananishusha. Alikuwa anaisoma picha kama anavyojua kusoma: hapa jina litapumua vizuri, basi kitabu kinatoka lini? Lilikuwa swali la fundi kwa fundi. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu, sijui kama mnanielewa.

Nikarudi ndani, nikafungua tena picha za Bama za Wyoming, zile za baadaye, na kwa mara ya kwanza sikutazama ufundi. Ufundi ni ule ule! Bado anampiga mtu picha kwa kamera kwanza, bado anachora uzi kwa uzi, mkunjo na kivuli chake. Hakuacha kitu alichofundishwa na majalada. Kilichobadilika ni kwamba mtu amejaa. Mara nyingi nyuma yake kuna ukuta wa mbao zilizopigwa na jua, au hakuna kitu kabisa, na ukuta huo haumsubiri mwandishi yeyote. Na jina, ndugu zangu, limerudi kwa mwenyewe. Mzee Chester Medicine Crow, wa watu wa Crow, wenyeji wa asili wa Marekani, ameshika bendera ya baba yake, na picha inaitwa hivyo hivyo: Chester Medicine Crow na bendera ya baba yake. Miaka yote Steve Holland alikaa mbele ya mchoraji akatoka akiwa mtu mwingine. Mzee huyu alikaa akatoka akiwa yeye. Nimeitazama hiyo bendera mpaka saa nane usiku.

Jana nilikwenda kusukwa. Picha yangu nilikuwa nimeipa jina "Jioni, Aurora", jina ambalo lingefaa jalada. Nikamuuliza dada, kwa aibu, kama naweza kuiita kwa jina lake. Alikuwa ameninamisha kichwa, sikuuona uso wake, nilisikia vidole vimesimama.

"Si njo mie?" akasema. "Andika jina yangu. Yote, na ya baba yangu."

Akaendelea kusuka. Jina lenyewe silitaji hapa, mtalisoma ukutani mwezi wa tano. Nimewaandikia wenye maonyesho wabadilishe, na leo nimeanza kulishusha lile anga. Nimeuleta ukingo wa paa la saluni mpaka juu kabisa, na ile taa ndefu ya mlangoni inayokonyeza kabla haijawaka sawasawa. Mwanga wake unamwangukia dada begani kutoka upande ambao sikuufikiria, kwa hiyo nusu ya wiki saba za uso zitarudiwa. Sawa. Nitazirudia.

Nilitaka kumpigia baba usiku huu nimwambie alikuwa sahihi. Nikayarudia tena mazungumzo yetu kwa mara ya mia, nipate pa kuanzia: anaisogeza simu, anainamisha kichwa, ananyamaza. Nilidhani ni ile desturi yake ya kukagua karatasi kwa kioo cha kukuzia, na pale mwanzo niliwaandikia tu alivyofanya, bila kufikiri. Lakini kioo kile alikuwa anakibana jicho la kulia. Siku zote la kulia, mpaka alikuwa na duara jekundu pale. Jumatatu simu aliileta jicho la kushoto, na la kulia aliligeuzia ukutani. Nimetafuta picha za Idi alizotuma mdogo wangu. Kwenye mbili kati ya tatu amekaa upande upande, kama mtu anayesikiliza.

Hajasema chochote kuhusu macho. Akiulizwa atasema vumbi. Nimemwandikia kaka ampeleke kliniki wiki hii, asimwambie ni mimi. Huko kumekucha, ni saa moja asubuhi. Kaka ameusoma ujumbe tangu robo saa iliyopita, bado hajajibu.