Safari ya Lushoto, Mtoto Kifuani

Mama mkwe wangu hakuikubali kangaroo, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, tangu siku aliyoiona. Alifika Tanga akitokea Lushoto, kapu la ndizi mkononi na chupa ya uji, akanikuta wodini nimeegemea mito, nusu nimekaa nusu nimelala, kifua wazi, mjukuu wake kafungwa kwa kanga katikati ya matiti. Akawasalimia wazazi wote chumbani, kitanda kwa kitanda, akakaa. Ndipo akaninong'oneza: "Mwanangu, mbona mtoto hamjamvisha?"

Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi basi, ngozi yake igusane na ngozi ya anayembeba. Wangu alizaliwa Juni 2019, mimba ikiwa na wiki 31, kilo 1.3. Njiti. Alianzia kwenye mashine ya joto akinyweshwa maziwa yangu kwa mpira wa puani, na alipotulia nikakabidhiwa nikae naye mwenyewe usiku na mchana.

Aliyenifundisha kufunga ni nesi mmoja wa zamu ya mchana, mama mtu mzima asiye na mzaha. Kanga yangu mpya aliikataa papo hapo. Ina wanga, akasema, fundo litateleza, kaifue mpaka ilainike. Mtoto akae wima, miguu ikunjwe na kupanuliwa kama ya chura, kichwa kigeuzwe upande mmoja, shavu lilale kifuani kwangu. Kidevu chake kisizame kifuani pake, maana shingo ya njiti haina nguvu, ikijikunja hewa haipiti. Ukingo wa juu wa kanga ufike chini kidogo ya sikio, na pa kukaza ni usawa wa kifua cha mtoto. Tumboni palegezwe kidogo, kwani kitoto hupumulia tumbo. Ukishafunga anakusimamisha, anakwambia inama, inua mikono juu. Mtoto akishuka hata kidogo tu, unafungua unaanza upya.

"Nikikutazama nione pua," alikuwa akisema. "Nisianze kuitafuta."

Mama mkwe alisikiliza yote hayo akiwa amejishika tama. Yeye amelea wanane mgongoni, akapanda nao na kushuka nao mashamba ya Usambara yaliyosimama wima, jembe begani. Hakuna aliyedondoka. Akamuuliza nesi kwa adabu kama mgongoni pana ubaya gani. Nesi naye akamjibu kwa adabu: mgongo una siku yake, mama, shingo ikishakaza. Mama mkwe akaguna tu, yakaishia hapo.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, hospitalini ambako mashine zilikuwa chache, watoto wakilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine moja na kuambukizana maradhi. Na wakati mimi nimelala Tanga nikihangaika na fundo, Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali tano, nyingine zikiwa Ghana, Nigeria, Malawi na India, zilizokuwa zikichunguza itakuwaje mtoto akiwekwa kifuani mara tu anapozaliwa, bila kungoja mashine imtulize kwanza. Matokeo yalitoka 2021: vifo vya hao watoto wadogo vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaufanya utaratibu huo kuwa ushauri wake kwa nchi zote. Laiti ningekuwa na habari hizo siku zile, ningempa mama mkwe. Ingawa sidhani kama zingemtikisa. Yeye huamini anachokishika.

Julai tukaruhusiwa. Mtoto kilo 1.8, ananyonya vizuri, uzito unapanda kila siku. Nesi akasema niendelee kumbeba hivyohivyo hata nyumbani, mpaka mwenyewe aanze kurusha mateke na kuikataa kanga. Kilichonitia hofu ni njia. Tanga kuna joto la pwani, Lushoto Julai ni baridi na ukungu, na vyote viwili tungevipita siku moja ndani ya basi.

Tulipata siti ya nyuma ya dereva. Nilikuwa nimevaa blauzi ya vifungo, mtoto ndani, kanga juu yake, halafu mtandio mzito umefunika. Konda alipopita kudai nauli akanitazama kifuani, akasema, "Dada, mzigo huo tuuweke kwenye buti."

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akamwambia, "Mzigo labda wako wewe. Huyo ni mjukuu wangu." Basi zima likacheka, na konda akatuacha kwa amani.

Kuanzia Segera hadi Korogwe jua lilikuwa kali, mkonge huku na huku, vumbi linaingia dirishani. Nikapitisha vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto, nikakuta jasho. Mtandio nikauvua, nikabaki na kanga. Mtu anaweza kuogopa baridi mpaka akamchemsha mtoto. Mombo basi lilisimama, nikanyonyesha, nikala mihogo ya kukaanga niliyonunua dirishani. Tukaanza kupanda.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, na sikumbuki hata moja iliyonyooka. Upande huu mwamba, upande ule bonde. Hatujafika Soni, mihogo ikaanza kunirudi. Nikaweka mkono mmoja kwenye kichwa cha mtoto, wa pili nikajiziba mdomo. Kuinama siwezi, nikiinama namkunja. Kumfungua na kumlaza mapajani, na baridi imeshaanza kuingia, siwezi pia.

"Mama, nisaidie."

Nilipogeuka alikuwa ameshafungua vifungo vya gauni lake. Akafunga dirisha, akawaita wanawake wawili wa siti ya jirani, wakasimama na kanga wakazishikilia kutukinga tusionekane. Mtoto akapita kutoka kwangu kwenda kwake, kiganja chake kimoja chini ya kisogo, kingine chini ya makalio. Sikumwelekeza neno. Miguu akaikunja, akaipanua. Kichwa akakigeuza kulia. Kidevu akakiinua kwa ncha ya kidole. Kanga yake ilikuwa ya zamani, imefuliwa mpaka imepauka, na fundo alilipiga chini ya kwapa mara moja, akalijaribu kwa kulivuta. Kisha, kwenye basi linalokata kona, akajiinua kidogo kutoka kwenye siti, akainama, akanyoosha mikono yote miwili mpaka ikagusa dari.

"Pua hiyo hapo," akasema, na kuketi.

Mimi nilikuwa nimeshampungia konda. Mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku kuanzia Juni mosi mwaka ule, hakuna rambo hata moja ndani ya gari, kwa hiyo akaniletea kidumu cha mafuta kilichokatwa juu. Nilitapika humo mpaka Soni. Siyo kumbukumbu ya kupendeza, lakini kila nilipoinua kichwa nilimkuta mama mkwe kapitisha vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto, anapima.

Stendi ya Lushoto mume wangu alikuwa anatungoja na blanketi. Nikanyoosha mikono nimpokee mwanangu. Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja. "Wewe unanuka matapishi, kaoge kwanza." Akachukua blanketi, akajifunika nalo yeye na mtoto wake wa kifuani, bodaboda akazikataa zote, akaanza kupanda kilima kwa miguu.

Nilioga. Nilikunywa chai. Mtoto alinijia saa ya kunyonya, akishiba anachukuliwa. Jioni majirani wakaja na hongera zao, na mmoja, mama wa rika lake, akashangaa kwa sauti: mtoto gani huyo anabebwa mbele, tena na bibi yake?

Mama mkwe hata hakunyanyuka. "Kanawe mikono kwanza," akamwambia, "halafu uje ukae hapa uulize."