Boriti Nne za Mvule

Jana, muda mfupi kabla ya magharibi, nilikaza nati ya mwisho ya meza yangu ya useremala, nikaketi juu yake nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia. Ni miezi miwili sasa tangu nizinunue boriti zake Ngamiani, hapa Tanga, katika nyumba ya zamani iliyokuwa ikibomolewa. Zilikuwa nne, kila moja ya futi 9, upana inchi 6 na unene inchi 4, zimetengwa pamoja na kuni na zimekuwa nyeusi kwa moshi na vumbi la miaka mingi. Nilipoikwangua moja kwa kisu, chini ya ule weusi ikatokea rangi ya kahawia ya dhahabu, nikatambua kwamba ni mvule. Kuna mti gani mwingine ambao ungekaa darini muda wote huo, katika mji wenye mchwa kama huu, ukabaki mzima?

Wiki ya kwanza sikushika randa wala msumeno. Nilitafuta misumari tu. Mwaka juzi nilipeleka mbao kuukuu kwenye karakana moja yenye mashine ya kuranda, nikiamini kwamba nimekwisha kuzisafisha, kumbe msumari mmoja ulikuwa umekatikia ndani. Visu vya mashine vikamegeka, na gharama nikailipa mimi kwa haki. Safari hii niliifunga sumaku ndogo kwenye uzi, nikaipitisha polepole juu ya kila boriti, na kila ilipovutwa pembeni nikaweka alama ya chaki. Niling'oa misumari 37. Mahali ulipokaa kila mmoja, kutu ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za mti na kuacha doa jeusi kama wino, na madoa hayo sikuyaondoa.

Kuranda mvule kwa mkono ni kazi ya subira. Mti huu hujiwekea ndani ya mwili wake chembe za chokaa ngumu kama jiwe, na randa ikipita juu yake, makali hufa papo hapo. Kuna siku nilinoa mara nane kabla ya adhuhuri. Vumbi lake nalo huwasha pua na koo, kwa hiyo nilifanya kazi uani, nimejifunga kitambaa puani, upepo wa bahari ukilipeleka mbali na nyumba.

Lakini lililonishughulisha kuliko yote ni matundu. Boriti mbili kati ya zile nne zilikuwa na matundu mawili kila moja, ambamo zamani ziliingia ndimi za mbao nyingine. Mwanzoni nilikusudia kuyaziba. Kisha nikaingiza kidole ndani ya mojawapo, nikahisi kuta zilizonyooka kabisa, na nilipomulika kwa tochi nikaona mstari mwembamba uliochorwa kwa ncha ya chuma, ambao patasi ilikuwa imeufuata bila kuuvuka hata kidogo. Fundi yule alijua kwamba hakuna jicho litakaloona humo. Nilikaa na ile boriti magotini muda mrefu, kisha nikaamua kwamba miguu ya meza yangu itaingia katika matundu yake, na vipimo vyake ndivyo vitakavyoniongoza.

Basi kila boriti niliikata futi 6 kwa ajili ya uso wa meza, na kipande kilichobaki kikawa mguu. Nilichonga ndimi kwa kufuata matundu, nikijaribu, nikipunguza unyoya mmoja wa mbao, nikijaribu tena. Nafasi kati ya matundu ya boriti moja ilizidi ya mwenzake kwa nusu inchi, na ndiyo maana mguu mmoja wa nyuma haulingani sawasawa na wa mbele. Nimeuacha hivyo kwa makusudi. Boriti zenyewe nimezibana kwa boliti ndefu, na uso peke yake una uzito wa kilo zaidi ya sitini. Tuliubeba watu watatu.

Kimo nilikiuliza kwa mjomba, ambaye alikuwa seremala maisha yake yote.

“Simama wima, mwanangu, uache mkono ushuke wenyewe,” akaniambia. “Kiganja kikilala juu ya meza, hapo ndipo utakaporanda bila mgongo kukuuma.”

Kwangu mimi ilitoka inchi 32.

Leo asubuhi niliweka juu yake ubao wa mninga, nikausukumia randa kwa nguvu zangu zote. Meza haikutikisika. Maranda yalitoka marefu, mekundu, yakajikunja na kuangukia miguuni. Jiriwa bado sijanunua. Kwa sasa ubao naubana kwa kabari mbili nilizozichonga kutokana na mabaki ya boriti zile zile, na zinashika vizuri.