Risasi ya kumpigia dubu mkubwa akiwa karibu

Mjomba wangu alikuwa askari wa wanyamapori huko Tanzania mpaka alipostaafu. Nilipomweleza kwamba kura imeniangukia na nimepata kibali cha kuwinda dubu wa kahawia katika kisiwa cha Kodiak, hapa Alaska, alinipigia simu jioni ileile, na baada ya shikamoo na marahaba swali lake la kwanza halikuhusu bunduki wala baridi. Aliuliza, "Utampiga kwa risasi gani, mjomba, laini au ngumu?" yaani ile inayofunguka ikimpata mnyama au ile isiyofunguka. Nilifurahi, kwa sababu wengi niliozungumza nao hapa huanza na kaliba, yaani ukubwa wa bunduki na risasi yake, na mimi naamini kwamba kwa mnyama huyu, hasa akiwa karibu, kaliba ni jambo la pili.

Dubu dume wa Kodiak anaweza kuzidi uzito wa kilo 600. Mara nyingi huonekana kwanza kwenye mteremko ulio wazi, mbali kiasi cha mwindaji kupata muda wa kulala chini na kulenga, lakini akijeruhiwa hukimbilia vichaka vya alda, miti mifupi ya huku, ambako matawi yamelala na kusukana hata mtu hupita kwa kuinama, na humo umbali kati yako na yeye unaweza kuwa hatua kumi. Risasi uliyoipakia asubuhi kwa ajili ya mteremko ndiyo hiyohiyo utakayokuwa nayo kichakani.

Ukaribu una ugumu wake, na ugumu huo hauonekani kwa haraka. Mtu hudhani kwamba kadiri mnyama anavyokuwa karibu ndivyo risasi inavyofanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa bado ina nguvu zote. Nguvu ni kweli inazo, ila kichwa cha risasi, yaani ile sehemu inayoruka, cha greni 180 (kama gramu 12) kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki ya kaliba ya .300 Winchester Magnum kwa mwendo wa takriban mita 900 kwa sekunde hakijapungukiwa na kitu kikifika mita 15, na kama gamba lake la shaba ni jembamba, limetengenezwa lifunguke kwenye mbavu za paa aliye mita 200, basi likikutana na mfupa wa bega la dubu kwa mwendo huo hupasuka papo hapo. Madini ya risasi yaliyo ndani hutawanyika, jeraha linakuwa pana lakini halina kina, na moyo na mapafu yaliyo nyuma ya mfupa hubaki salama. John Nosler, mtengenezaji wa risasi wa Marekani, alikutana na tatizo la namna hii mwaka 1946 alipokuwa akiwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu aitwaye moose huko British Columbia, Kanada, na ndipo alipobuni kichwa cha risasi chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inafunguka kama uyoga, sehemu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma.

Niliamua kujionea mwenyewe. Nililoweka magazeti kwenye ndoo usiku kucha yawe badala ya nyama, nikayapanga kwenye sanduku la mbao, nikaweka mfupa wa paja la ng'ombe mbele yake, kisha nikasimama hatua kumi na tano. Kichwa laini cha greni 180 kiliuvunja mfupa, lakini ndani ya magazeti nilikuta gamba tupu lililokunjuka kama ganda la chungwa, nalo lilikuwa na uzito wa greni 58 tu. Cha greni 300 kutoka kwenye bunduki ya kaliba kubwa zaidi, .375 H&H, ambacho kiini chake kimeshikamanishwa na gamba na kina ule ukuta wa katikati, kilipita mfupa na kuingia ndani karibu mara mbili ya kile cha kwanza.

Nilichokiona hakikuwa kigeni. Mwaka 1983 watafiti wa idara ya misitu ya Marekani walichapisha majaribio yao ya silaha za kujikinga na dubu Alaska, yaliyofanywa kwa umbali wa yadi 15, na vichwa vizito vilishika nafasi za juu: .458 ya greni 510, .375 ya greni 300, .338 ya greni 300, na hata .30-06, kaliba ya tangu 1906, ilifanya vizuri ilipopewa kichwa cha greni 220. Hili la mwisho nalithamini sana, kwa sababu teke la .375 si la kila bega. Mwindaji anayefumba macho kabla ya kuvuta kilimi atamjeruhi dubu kwa bunduki kubwa, na ni afadhali achukue .30-06 anayoimudu pamoja na risasi nzito iliyotengenezwa vizuri.

Mjomba alipendekeza risasi ngumu, ile isiyofunguka kabisa, kama ya kumfuatia nyati aliyejeruhiwa. Nilimweleza kwa heshima kwamba mwili wa dubu si mgumu kama wa nyati, na risasi ngumu inaweza kupita upande hadi upande ikiacha tundu jembamba, naye mnyama akaendelea na safari yake. Kinachotakiwa ni kichwa kinachofunguka kiasi, kisha kikajizuia.

Dubu wangu nilimpiga mwezi Mei, akiwa mita 70, risasi ikiingia begani, na aliingia kwenye alda kabla sijapakia ya pili. Tulingoja nusu saa. Hatua ishirini za kwanza hatukuona hata tone la damu, kwa kuwa mafuta huziba tundu na manyoya mazito hunyonya kinachotoka. Tulifuata majani yaliyolala na nyayo kwenye tope, mwenzangu akitazama mbele na mimi nikitazama chini, mpaka tulipomkuta amelala kifudifudi, amekwisha kufa. Wakati wa kuchuna nilipapasa uvimbe mdogo chini ya ngozi ya bega la upande wa pili, nikakata, na risasi ikaniangukia kiganjani ikiwa bado na joto, imefunguka vizuri, greni 279 kati ya 300.

Wengi wangeridhika. Mimi nazikumbuka zile hatua ishirini bila damu, na ningependa risasi ingetoka upande wa pili ikaacha tundu la kufuatia. Kodiak mtu huruhusiwa dubu mmoja tu kila miaka 4, kwa hiyo nina muda wa kujaribu kichwa cha shaba tupu cha greni 270, na magazeti nimeshaanza kuyakusanya.