Kioo cha abiria kimepanda: kumbukumbu ya Mercedes 240D na vioo vya umeme

Kimepanda! Kioo cha mlango wa abiria, kile kilichokuwa kikifika robo tatu kinagoma, leo jioni kimepanda hadi juu kwa sekunde nne hivi. Injini ilikuwa imezimwa na taa kubwa zinawaka, yaani hali mbaya kuliko zote kwa mota ya kioo. Nimekishusha na kukipandisha mpaka jirani akatoka kuuliza kulikoni. Naandika usiku huuhuu, kabla karatasi yenye vipimo haijapotea.

Gari ni Mercedes 240D ya 1982, ile ya dizeli ya muundo wa W123, iliyotoka kiwandani na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mashine za vioo vya umeme za milango miwili ya mbele nilizipata Ilala, zimetolewa kwenye W123 iliyokwisha kuwa skrepa, pamoja na swichi zake na kipande cha waya wake wa asili. Kuvua kava ya mlango na kubadilisha mashine sitaeleza, mwenye gari hili anajua. Nasisitiza moja tu: usitenganishe mota na mashine kabla hujaifunga kwa bolti ile nusu duara ya meno. Springi iliyojikunja pale imekaa na nguvu zake zote, na ikifyatuka kidole hakibaki.

Sasa ugomvi wenyewe. Cha dereva kilipanda tangu mwanzo, kwa uzito lakini kikafika. Cha abiria kilishuka vizuri, kikapanda vizuri hadi katikati, kisha kikaanza kupunguza mwendo, kikafika robo tatu, kikasimama. Ukikisukuma kwa kiganja, kinamalizia. Fundi umeme mmoja akaniambia, "Kaka, hiyo mota imechoka, tafuta nyingine." Nikamuuliza mbona nikiipa moto, yaani umeme, moja kwa moja kutoka kwenye betri inapandisha kioo kwa kishindo? Akasema mota kuukuu zina vituko vyake. Jibu hilo sikulikubali na bado silikubali. Mota iliyochoka haipati nguvu kwa sababu umebadilisha njia ya waya.

Nilianza na mpira wa chaneli, ule mfereji kioo kinamoteleza, kwa sababu kioo kinachokaza juu mara nyingi hukazwa na mpira uliokauka. Niliusafisha kwa kitambaa na maji ya sabuni, nikaukausha, nikapuliza silikoni. Grisi ndani ya chaneli sitaki hata kuisikia: inashika vumbi, na vumbi la barabara zetu likichanganyika na grisi linakuwa msasa wa kula kioo. Grisi nyeupe ni ya reli na magurudumu ya mashine peke yake. Kioo kikawa chepesi kidogo, kikasogea vidole viwili zaidi ya pale kilipokuwa kinakwama, kisha kikasimama tena.

Hapo nikachukua mita. Hili ndilo lililonipotezea muda mwingi, na nadhani linawapotezea wengi. Ukichomoa soketi ya mota, ukaweka mita kwenye waya na kubonyeza swichi, unasoma volti 12 na ushee. Unajiridhisha kwamba umeme unafika, unarudi kuilaumu mota. Lakini kipimo hicho kimechukuliwa bila mzigo. Waya mbovu, fyuzi yenye kutu na swichi iliyoungua kidogo vyote vinapitisha volti 12 vizuri kabisa kama hakuna kinachokula umeme upande wa pili. Lazima soketi iwe imechomekwa, kioo kinapanda, nawe umepenyeza ncha za mita nyuma ya soketi.

Nilipopima hivyo, kioo kikiwa katikati ya safari, mota ilikuwa inakula takriban ampia 5 na kupata volti 10.6. Kioo kilipofika pale pa kukwama, ampia zikapanda hadi 10 na volti zikashuka hadi 8.7. Betri wakati huo ilikuwa 12.5. Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake mna kisa kizima. Kioo kikikaza, mota inavuta umeme zaidi. Ikivuta zaidi, njia mbovu inameza volti zaidi. Volti zikipungua, mota inakosa nguvu palepale inapozihitaji kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana kioo hakikuwa kizito safari nzima, kilifia sehemu ileile kila mara.

Volti 3.8 zinapotea, wapi? Badala ya kubahatisha, weka mita kwenye ncha mbili za kila kipande huku kioo kimekwama na mtu anabonyeza swichi. Mwanangu alibonyeza, mimi nikapima. Fyuzi na vibanio vyake: 0.6. Waya kutoka boksi la fyuzi hadi swichi: 0.9. Ndani ya swichi yenyewe: 1.3. Njia ya kurudi ethi, yaani bodi ya gari na upande hasi wa betri: 1.0. Jumlisha, unapata 3.8 zako. Hakukuwa na mwizi mmoja wa kumkamata. Walikuwa wanne, kila mmoja anachukua kidogo.

Fyuzi za W123 wenye nayo mnazijua: zile za mtindo wa kizamani zenye ncha mbili zilizochongoka, nyeupe ampia 8, nyekundu ampia 16. Nyingi zinazouzwa zina ukanda wa alumini, na kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam ukanda huo unaota unga mweupe pale unapogusana na kibanio. Ukizizungusha kwa vidole kioo kinachangamka wiki moja, kisha kinarudi kulekule. Tafuteni zenye ukanda wa shaba, na kabla ya kuzirudisha futeni vibanio kwa msasa laini.

Swichi nayo niliifungua nikasafisha ncha zake. Ilisaidia, ila sioni kwa nini kidude kile chembamba cha katikati ya gari kibebe ampia 10 hadi leo. Kwa hiyo nikaachana na njia ya kiwandani nikafunga rilei, swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa. Kila kioo kina rilei mbili za pini tano. Pini 30 inakwenda kwenye mota, 87 kwenye moto, 87a kwenye ethi. Zikiwa zimelala, waya zote mbili za mota ziko ethi, na kioo kinasimama papo hapo ukiachia swichi. Ukibonyeza, rilei moja inaruka kwenye moto, nyingine inabaki ethi, mota inazunguka. Upande mwingine, kinyume chake. Swichi ya asili sasa inaamsha rilei tu, kazi isiyofika hata nusu ampia.

Rilei sikuziweka mlangoni. Maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango kila siku kupitia ukingo wa kioo, ndivyo mlango ulivyoundwa, na matundu ya chini yapo kwa ajili ya kuyatoa. Nimezificha nyuma ya kava la pembeni, chini ya dashibodi, na kupitisha waya za mota tu, milimita za mraba 2.5, kwenye mpira wa bawaba. Moto unatoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 4 wenye fyuzi yake karibu na betri, na unapita kwenye rilei nyingine inayoamshwa na ufunguo ili mtoto asichezee kioo gari likiwa limezimwa. Ethi ina waya wake hadi kwenye bolti ya bodi niliyoikwangua rangi. Bawaba si njia ya umeme, hata kama kuna gari zinazoitumia hivyo.

Neno kuhusu waya: nunueni kwa kisu mkononi. Kuna waya unaouzwa kwa jina la shaba, ukiukwangua ndani unakuta mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Ni mwepesi, unakatika ukikunjwa, na unameza volti. Kwa waya unaopita kwenye bawaba huo ni balaa tupu. Na viungio nabana kwa koleo la kubania tamino, zile ncha za chuma za waya, silehemu kwa risasi. Risasi inaufanya waya ukakamae pale inapoishia, na mlango unaofunguliwa kila siku utaukata hapohapo. Najua mafundi wazuri wanaobisha. Mimi nabana.

Kipimo cha leo: betri 12.2 na taa zikiwaka, mota 11.5 kioo kikiwa juu kabisa. Cha dereva nacho sasa kinapanda kana kwamba ni gari jingine.

Mpango ulikuwa kuendelea na milango ya nyuma wiki hii. Umeahirishwa, na sababu nimeikuta ndani ya mlango huohuo wa abiria. Gari hili linafunga milango kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa kwenye mabomba membamba, na ile pampu ya vakyumu ya injini ndiyo inayozimia injini pia ukizungusha ufunguo. Langu limekuwa likigoma kuzima kwa muda mrefu: ufunguo umetoka, injini inaendelea kunguruma, nafungua boneti na kubonyeza wenzo ulioandikwa STOP. Nilishaanza kuishuku vali ya kwenye pampu ya dizeli. Nikiwa narudisha nailoni ya kuzuia maji nikaona bomba jembamba la kitasa limepasuka kwenye kiungo cha mpira. Nikaliziba kwa skrubu, nikawasha, nikazima kwa ufunguo. Injini ikazima kabla sijatoa mkono!

Kwa hiyo waya za milango ya nyuma ziko chini ya kiti, zimefungwa na kuandikwa, na abiria wa nyuma wataendelea kuzungusha. Nimeazima pampu ya mkono yenye geji. Nitapima kila mlango, kisha lile tangi dogo la kwenye buti, maana mlango wa abiria bado haujifungi na nashuku kiwambo cha mpira ndani ya kitasa chake kimechanika. Mwenye vitasa vya W123 ambavyo bado vinashika vakyumu aniambie, hasa vya kushoto mbele.