Usajili katika mbio za baiskeli: soma kwanza majina ya wasaidizi

Kila mwaka, tarehe 1 Agosti inapofika, timu za mbio za baiskeli za barabarani huruhusiwa kutangaza rasmi ni akina nani zimewasajili kwa ajili ya msimu unaofuata, na kwa siku kadhaa mashabiki huwa hatuna jambo jingine la kuzungumza. Tour de France imetoka kumalizika, washindani hawajapata hata muda wa kupumzika vizuri, na tayari tunaulizana nani anahamia wapi. Mimi huzisoma taarifa hizo kwa hamu kubwa, lakini huanza chini kupanda juu: naanza na wasaidizi, watu wa kumfanyia kazi nahodha ambao huenda hawajawahi kushinda mbio kubwa hata moja, kisha ndipo nafika kwa nahodha ambaye picha yake imewekwa mbele. Nina hakika kwamba kikosi cha baiskeli hujengwa, au hubomoka, kule chini.

Aliyezoea usajili wa soka itambidi kwanza aweke kando baadhi ya mazoea yake. Timu za baiskeli hazina uwanja wa kuuzia tiketi, kwa kuwa mbio hupita barabarani na mtazamaji hasimamishwi mlangoni. Haki za televisheni za mbio kubwa zimo mikononi mwa waandaaji, kama ilivyo kwa kampuni ya ASO inayoimiliki Tour de France. Kwa hiyo timu huishi kwa fedha za wadhamini, na ndiyo maana hata jina lake hubadilika kila mdhamini anapobadilika. Mdhamini akijitoa, si bajeti tu inayopungua. Timu nzima inaweza kufutika, pamoja na mikataba yote iliyosainiwa.

Vilevile, kwa miaka mingi uhamisho mwingi katika mchezo huu haukuwa na ada ya kumnunua mchezaji. Mkataba ulifika ukomo wake tarehe 31 Desemba, mwendeshaji akavua jezi moja na kuvaa nyingine. Desturi hiyo inalegea mbele ya macho yetu. Tom Pidcock aliondoka Ineos mwishoni mwa 2024 huku mkataba wake ukiwa unaendelea hadi 2027. Juan Ayuso alikuwa na mkataba na UAE hadi 2028, lakini katikati ya Vuelta ya 2025, mashindano ya wiki tatu ya Hispania, ikatangazwa kwamba wanaachana. Remco Evenepoel amekwenda Red Bull-Bora-Hansgrohe akiwa amebakiza mwaka mmoja kwa Soudal Quick-Step. Katika hali kama hizo mawakala na mameneja hukaa mezani, fidia hujadiliwa, na mara nyingi kiasi chake hakitangazwi. Sioni ubaya wa mtu kuondoka mahali asipopataka. Ninachohofia ni kwamba timu ndogo, ambayo imemlea kijana tangu hajulikani, haitakuwa tena na uhakika hata wa miaka iliyoandikwa kwenye karatasi.

Sasa nirudi kwa wasaidizi, na nitaeleza kwa mfano ambao naamini unafundisha kuliko mingine yote ya miaka ya karibuni.

Mwishoni mwa 2022 Mark Cavendish, Mwingereza hodari wa mbio za kasi za mita za mwisho, alikuwa hana timu. Alitarajiwa kujiunga na timu ya Kifaransa ya B&B Hotels, lakini timu hiyo ikakosa wadhamini na kusambaratika mwezi Desemba. Astana, timu ya Kazakhstan, ikampokea Januari 2023. Wakati huo alikuwa na ushindi wa hatua 34 za Tour de France (hatua ni mbio ya siku moja ndani ya mashindano ya wiki tatu), sawa na gwiji wa Ubelgiji Eddy Merckx, na kila mtu alijua kwamba anatafuta wa 35. Mwaka huo akaanguka na kuvunjika mfupa wa mtulinga katika hatua ya nane, akaenda nyumbani. Alikuwa ameshatangaza kustaafu, lakini akashawishiwa kubaki msimu mmoja zaidi.

Hapo ndipo Astana ilipofanya usajili ambao mimi nauhesabu kuwa wa akili sana. Nahodha wanaye tayari. Walichokosa ni watu wa kumzunguka. Wakamleta Michael Mørkøv kutoka Quick-Step, mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwafungulia njia wengine, yaani kuwatangulia na kuwakinga upepo hadi karibu na mstari, na ambaye mwaka 2021 ndiye aliyekuwa mbele ya Cavendish aliposhinda hatua nne za Tour. Kutoka timu hiyohiyo wakamleta Davide Ballerini. Cees Bol alikuwapo tayari. Hata kocha Vasilis Anastopoulos, aliyemfahamu Cavendish tangu siku zao za Quick-Step, naye akasajiliwa. Ukitazama ushindi binafsi wa watu hao barabarani, hutaona sababu ya timu kubwa kuwafuata. Ukitazama kazi yao, utaelewa mara moja.

Watu wengi hukumbuka tarehe 3 Julai 2024, mjini Saint-Vulbas, Cavendish alipovuka mstari mbele ya Jasper Philipsen na kufikisha hatua 35. Mimi hukumbuka zaidi tarehe 29 Juni, hatua ya kwanza, kutoka Florence hadi Rimini. Joto lilikuwa kali, vilima vilianza mapema, na Cavendish akaachwa nyuma na kundi kuu, akitapika juu ya baiskeli. Kila hatua ina muda wa mwisho wa kufika, na anayechelewa huondolewa kwenye mashindano. Wenzake wa Astana wakamsubiri, wakapanga mstari mbele yake wakimkinga upepo, wakimpa maji na kupima mwendo usiomuumiza, kilima baada ya kilima, hadi Rimini. Mmoja wao, Michele Gazzoli, alishindwa kabisa na kujitoa siku hiyo. Hakuna aliyepanda jukwaani kwa kazi ile. Lakini bila ya watu wale kukubali kupoteza muda wao wote siku ya kwanza, siku ya tano isingekuwapo. Na siku ya tano yenyewe walimleta mbele katika kilomita za mwisho, ambapo waendeshaji huenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa wakigusana mabega, kisha yeye akajichagulia gurudumu la kufuata na kumaliza kazi. Hicho ndicho kikosi kilichopangwa.

Hapa linakuja jambo linaloniudhi. Shirikisho la kimataifa, UCI, hutoa nafasi za daraja la juu, WorldTour, kwa kuhesabu alama ambazo timu imekusanya kwa misimu mitatu. Timu 18 hupata leseni, na zinazobaki nyuma hushuka daraja, kama ilivyozipata Lotto Soudal na Israel-Premier Tech mwishoni mwa 2022. Nakubali kwamba kupanda na kushuka kuna haki yake, kwa sababu fedha peke yake zisiwe ndizo zinazoamua. Lakini alama hizo humwona yule tu anayefika mbele. Aliyevuta kundi kwa kilomita mia moja na hamsini kisha akaingia wa mwisho hupata sifuri.

Zaidi ya hayo, mizani ya alama hizo ina kasoro. Ushindi wa hatua moja ya Tour de France una alama 210. Mshindi wa mbio ndogo ya siku moja ya daraja la 1.1, lililo chini ya WorldTour, hupata 125, na wa pili wake 85. Jumlisha mwenyewe: timu ikishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio ambayo wapenzi wengi wa baiskeli hawajawahi kuisikia, imepata sawasawa na kile Cavendish alichopata siku ile ya historia. Astana walilijua hilo kwa uchungu. Msimu wa 2025 ulipoanza, mwaka wa mwisho wa mzunguko wa miaka mitatu, walikuwa nyuma sana kwenye msimamo na kushuka daraja kulionekana hakukwepeki.

Walichofanya kinastahili heshima, hata kwa mtu kama mimi asiyependa mfumo wenyewe. Wakiwa na mdhamini mpya, kampuni ya baiskeli ya XDS kutoka China, walisajili watu wengi wenye uwezo wa kumaliza ndani ya kumi bora kila wanaposhiriki, akiwamo mkongwe Diego Ulissi kutoka UAE, kisha wakawatawanya kwenye mbio ndogondogo za siku moja ambazo timu nyingine kubwa hazikuzijali. Tangu 2023 alama zinazohesabiwa ni za waendeshaji 20 bora wa kila timu, badala ya 10 kama zamani, kwa hiyo upana wa kikosi ulikuwa na thamani kuliko nyota mmoja. Wakajinusuru. Na halikuwa jambo la mahesabu matupu: Ulissi alivaa jezi ya waridi, ya anayeongoza, kwenye Giro d'Italia, mashindano ya wiki tatu ya Italia, na katika hatua ya kufika San Valentino, Christian Scaroni na Lorenzo Fortunato walivuka mstari pamoja wakiwa wameshikana mikono, wa kwanza na wa pili.

Kwa hiyo ndani ya miezi kumi na miwili timu moja ilijengwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Kikosi cha kwanza kilikuwa cha watu wa kumtumikia mtu mmoja. Cha pili kilikuwa cha watu wengi wa kujikusanyia. Mfumo wa alama ulikiadhibu cha kwanza na kukizawadia cha pili. Ningetamani UCI ipandishe zaidi thamani ya hatua za mashindano makubwa ya wiki tatu, ili meneja asione hasara kumsajili mfungua njia badala ya mtu wa nafasi ya saba.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, yaani kukusanya manahodha hadi wakabanana. Mwaka 2023 Jumbo-Visma ilishinda Giro, Tour na Vuelta, jambo ambalo timu nyingine yoyote ilikuwa haijawahi kulifanya ndani ya mwaka mmoja. Primož Roglič alichukua Giro, Jonas Vingegaard akachukua Tour, na Vuelta ikaenda kwa Sepp Kuss, msaidizi wao wa milimani ambaye alishiriki mashindano yote matatu. Lakini juu ya mlima Angliru, Kuss akiwa na jezi nyekundu ya anayeongoza Vuelta, manahodha wake wawili walimwacha wakaenda mbele, na akaihifadhi jezi hiyo kwa sekunde nane tu. Walimaliza Madrid wakiwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, wote wa timu moja. Wiki chache baadaye Roglič alikuwa anaondoka kwenda Bora. Mtu mwenye uwezo wa kushinda mashindano ya wiki tatu hawezi kuombwa kila mwaka asubiri zamu yake, na mwaka uliofuata, akiwa na jezi ya timu mpya, alishinda Vuelta. Katika Tour timu ina nafasi nane tu. Ukiweka manahodha watatu humo, nani atashuka kuchukua chupa za maji?

Kuhusu vijana nitasema machache. Mbio za kuwawahi zimekuwa kali kiasi kwamba Paul Seixas aliingia daraja la juu na Decathlon akiwa na miaka 18, akitoka moja kwa moja kwenye mashindano ya vijana, kama alivyofanya Evenepoel kabla yake mwaka 2019. Kanuni inamtaka anayeingia kwa mara ya kwanza apewe mkataba wa angalau miaka miwili, na nadhani hicho ni kiwango cha chini mno cha subira. Upande mwingine kuna Tadej Pogačar, aliyefunga mkataba na UAE hadi 2030, na hivyo kuifanya timu ijue kwa miaka kadhaa mbele ni mtu wa aina gani wa kumtafutia wasaidizi.

Uhamisho ninaoufuatilia kwa moyo wote ni wa Biniam Girmay, mwendeshaji wa Eritrea mwenye kasi ya mwisho. Mwaka 2021 alikuwa Delko, timu ndogo ya Ufaransa iliyokuwa inazama kifedha, na dirisha la Agosti likamruhusu kuhamia Intermarché, timu ya Ubelgiji, katikati ya msimu. Mwaka uliofuata akashinda Gent-Wevelgem, mbio ya siku moja ya Ubelgiji, na hatua ya Giro. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi zaidi, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Miongoni mwa waliokuwa naye kwenye Tour ile alikuwa Mike Teunissen, mzoefu wa kufungua njia. Msimu ulipokwisha, Teunissen akasajiliwa na Astana. Mwaka 2025 Girmay hakushinda hata mbio moja. Sisemi kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoleta ukame huo, kwani sababu za kushindwa katika mchezo huu huwa nyingi, lakini siwezi kuacha kuyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Intermarché imeungana na Lotto, na Girmay amehamia timu ya NSN, iliyokuwa ikiitwa Israel-Premier Tech, kuanzia 2026. Wengi walijadili mshahara na jezi mpya. Mimi nilifungua orodha ya kikosi cha NSN nikaanza kutafuta watatu: wa kumpandisha nafasi zikiwa zimebaki kilomita tano, wa kuingia naye kona ya mwisho, na wa kumwachia njia mita mia mbili kabla ya mstari. Kasi ya Girmay ninaijua. Ni watu hao watatu ambao nitawaangalia kila hatua tambarare itakapokaribia kuisha.